R, Python au Julia: unapohama lugha ya kuchambulia data ya utafiti

Wengi wanaoniuliza swali hili hapa Dar huja nalo siku leseni inapoisha. Mwanafunzi wa uzamili alizoea programu za kulipia kama Stata (ya takwimu) au MATLAB (ya hesabu) kwenye kompyuta za chuo. Sasa amemaliza masomo ya darasani, yuko nyumbani Kimara na laptopu yenye RAM ya GB 4, na data ya tasnifu inamsubiri. Mwingine ni mtafiti wa siku nyingi ambaye mkono wake umezoea SPSS, programu nyingine ya takwimu, na mradi mpya umemkutanisha na watu wanaotumiana msimbo asioweza kuufungua. "Kaka, niende R au Python? Na hii Julia wanayoitaja, vipi?"

Kuhama lugha si jambo dogo. Kwa wiki kadhaa, kazi uliyokuwa ukiimaliza kabla ya chai ya saa nne inakula siku nzima. Hesabu yote unaijua, ila mkono ndio haujui pa kuanzia. Kwa hiyo kabla hujafunga virago ni haki yako kujua huko unakoenda kukoje.

Vigezo nitakavyotumia

Bei naiweka kando, maana lugha zote tatu ni bure. Nitaangalia mambo sita: unavyoweza kuichokonoa data papo kwa papo, ukiuliza na kujibiwa na kuuliza tena; mitego ya kimya, yaani makosa yasiyopiga kelele; kazi ambayo kila lugha imeizoea zaidi; kasi; mahitaji yake ya laptopu, bando na umeme; na watu utakaofanya nao kazi.

Mfano wangu ni data ya aina wanayoijua wengi wetu: hesabu ya mbu walionaswa kwenye mitego ya usiku katika kata kadhaa za jiji, pamoja na vipimo vya mvua vya kila siku. Ni data ndogo, iliyojazwa kwa mkono na kuchapwa baadaye, na ina mapengo.

Asili ya kila lugha inaeleza tabia yake, kwa hiyo niigusie. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kufuata lugha ya S iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1976. Ni lugha ya wanatakwimu tangu tumboni. Python ya Guido van Rossum ilitoka mwaka 1991 kama lugha ya kazi zote. Uchambuzi wa data ulijengwa juu yake baadaye: NumPy, pakeji (yaani nyongeza) ya hesabu, ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2006, na pandas, pakeji ya majedwali, Wes McKinney alianza kuiandika mwaka 2008. Julia ndiyo changa. Jeff Bezanson, Stefan Karpinski, Viral Shah na Alan Edelman waliitangaza Februari 2012, na toleo la 1.0 likatoka 2018. Walitaka lugha rahisi kuandika kama Python lakini yenye mbio za lugha ya C.

Kuichokonoa data papo kwa papo

Anayetoka Stata atajisikia nyumbani haraka ndani ya RStudio, programu ya kuandikia R. Msimbo uko juu kushoto, konsoli, pa kuonea majibu, iko chini yake, na upande wa pili kuna orodha ya vigeu vyako (majina uliyoyapa data) na grafu. Unaweka kishale kwenye mstari, unabonyeza Ctrl na Enter, jibu linatoka. Kwa upande wa grafu, pakeji ya ggplot2 ndiyo inayonirudisha R kila mara. Unaieleza kwa tabaka: data ni hii, mlalo ni tarehe, wima ni idadi ya mbu. Ukiongeza `facet_wrap(~ kata)`, grafu moja inagawanyika kuwa grafu ndogo za kata zote, na Kigogo inaonekana pembeni ya Masaki bila kuandika kitanzi (msimbo wa kurudiarudia) hata kimoja. Tahadhari moja: RStudio ikikuuliza wakati wa kufunga kama ihifadhi vigeu vyako, kataa, kisha zima kabisa mpangilio huo. Vinginevyo kesho utaendelea na jedwali la jana ukidhani ni la leo.

Python inakuletea daftari la Jupyter. Jina hilo limeunganishwa kutokana na Julia, Python na R, na daftari lenyewe lilichipuka mwaka 2014 kutoka IPython, aliyoianza Fernando Pérez mwaka 2001. Maelezo, msimbo na grafu vinakaa ukurasa mmoja, na ukimtumia msimamizi wako anasoma kama ripoti. Udhaifu wake unatokana na uhuru huohuo. Visanduku vya msimbo unaweza kuviendesha kwa mpangilio wowote, na ukifuta kisanduku, kigeu chake kinabaki kwenye kumbukumbu. Nimeona daftari lenye majibu mazuri ambalo mtu mwingine akiliendesha kuanzia juu linakwama kisanduku cha tatu. Dawa ni kuizoea amri ya kuanza upya na kuendesha yote kabla ya kumtumia mtu. Kwa grafu, pakeji ya Matplotlib inaweza kila kitu lakini inataka maneno mengi, ndiyo maana wengi wanaanza na seaborn.

Julia ina konsoli nzuri kuliko zote tatu. Alama ya kuuliza inakupeleka kwenye msaada, mabano ya mraba yanakupeleka kwenye pakeji, bila kutoka ulipo. Tena ina daftari liitwalo Pluto, ambalo limetibu ugonjwa niliotoka kuutaja: ukibadili thamani moja, visanduku vyote vinavyoitegemea vinajiendesha upya, na ukifuta kigeu kinafutika kweli. Kwa mtu anayefikiri kwa kujaribujaribu, sijaona daftari bora kwa wazo. Tatizo lake lilikuwa kusubiri, kwa sababu Julia hutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine mara ya kwanza unapouita, na grafu ya kwanza ya asubuhi ilichelewa. Toleo la 1.9 la mwaka 2023 lilipunguza sana subira hiyo, ingawa haijaisha kabisa.

Mitego ya kimya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayehama huumia zaidi hapa. Kosa linaloandika maandishi mekundu halina madhara makubwa, maana utaliona na kulirekebisha. Hatari ni jibu linalotoka safi huku si sahihi.

Anza na mapengo. Kipimo cha mvua kiliharibika Aprili nzima, na safuwima ikabaki tupu. Katika R, ukiomba jumla au wastani wa safuwima yenye pengo unapewa NA (hakuna thamani) mpaka useme mwenyewe `na.rm = TRUE`. Julia ni vilevile: inarudisha `missing` mpaka uandike `skipmissing`. Pandas huruka mapengo bila kukuuliza, na jumla ya safuwima iliyo tupu yote inatoka sifuri. Katikati ya masika, jedwali lako linasema mvua ya Aprili ni milimita 0, na hakuna onyo lolote. Kinga ni kuandika `min_count=1`, lakini lazima ujue kwanza kwamba inahitajika. Kwa upande mwingine, tabia hiyo ya pandas inawapendeza wenye data kubwa yenye mapengo madogomadogo, na wana hoja.

Anayetoka Stata ana mtego wake wa kubeba. Kule pengo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba zote, kwa hiyo ukiomba siku zenye mvua zaidi ya 50, siku zisizo na kipimo nazo zinaingia. Kwa pandas zinaachwa. Kwa R, ukichuja kwa mabano unapata mistari ya NA, ukitumia `filter` ya pakeji ya dplyr inaachwa. Julia itagoma na kutoa kosa. Ukirudia kazi yako ya zamani na idadi ya siku ikapungua, usiilaumu lugha mpya haraka.

Halafu `x[-1]`, x ikiwa orodha ya namba. Katika Python ni kipengele cha mwisho. Katika R ni vyote isipokuwa cha kwanza. Katika Julia ni kosa, kwa sababu cha mwisho huitwa `x[end]`. Vilevile Python huanza kuhesabu kwa 0, hizi nyingine kwa 1, na MATLAB pia kwa 1. Hata mchepuko sanifu una hila yake: R, Julia na pandas hugawanya kwa n−1 (n ni idadi ya vipimo), NumPy hugawanya kwa n usipoiambia vingine. Kwa mitego kumi ya mbu, tofauti hiyo inaonekana kwenye jedwali la tasnifu.

Mtego mmoja ni wa kwetu hasa. Niliwahi kufungua kwa `read.table` ya R faili la kata za Temeke lililotenganishwa kwa tabo, na mistari mingi ikatoweka. Sababu ilikuwa Chang'ombe. Amri hiyo huichukulia alama ya ng' kuwa mwanzo wa nukuu, ikameza kila kitu mpaka ilipokutana na ng' nyingine. Ukitumia `read.csv` au `read_csv` haitokei, wala kwa pandas na pakeji ya CSV ya Julia.

Na saa. Mitego ya mbu hutegwa jioni na kutolewa alfajiri, na msaidizi wa uwandani anaandika kama anavyosema: kutega saa 12, kutoa saa 12. Hakuna lugha kati ya hizi inayojua saa za Kiswahili. Saa za mchana unaongeza 6, saa za usiku unaongeza 18 na kutoa 24 jibu likifika au kupita 24, na saa 12 ya alfajiri inafuata kanuni ya usiku. Zote tatu zinafanya hesabu hiyo kwa mistari michache: lubridate kwa R, pandas kwa Python, Dates kwa Julia. Ila hakuna itakayokuokoa kama fomu haikuwa na safuwima ya asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Kazi ambayo kila lugha imeizoea

Kama data yako ni ya utafiti wa kaya wenye sampuli ya hatua mbili, mfano TDHS-MIS ya mwaka 2022 (utafiti wa kitaifa wa afya na malaria), R ina nafasi ya mbele. Faili huja kwa muundo wa Stata au SPSS, na pakeji ya haven inalifungua pamoja na lebo zake. Kisha pakeji ya survey ya Thomas Lumley inapokea uzito wa sampuli (v005 ukiigawanya kwa 1,000,000), klasta na matabaka, na kukupa kiwango pamoja na kosa sanifu lililo sahihi. Kwa Python wastani wenye uzito ni rahisi, lakini kosa sanifu linaloheshimu klasta utalitafuta kwenye pakeji zisizotumiwa na wengi. Julia nayo uwanja huu bado ni mwembamba.

Kwa setilaiti na hali ya hewa mambo yanageuka. Data ya mvua ya CHIRPS inaanzia mwaka 1981, kwa visanduku vya kilomita 5 hivi kila upande. Ukiwa na pakeji ya xarray ya Python, kuikata kwenye bonde la Msimbazi na kujumlisha Machi hadi Mei kwa kila mwaka ni mistari mitano au sita, na faili halilazimiki kuingia lote kwenye kumbukumbu. R inaweza kwa pakeji ya terra, na inaweza vizuri. Lakini ukiongeza picha za darubini au ujifunzaji wa mashine kwenye mradi huohuo, Python ndiyo yenye zana nyingi na mifano mingi ya kufuata.

Julia inang'aa unapojenga modeli mwenyewe. Chukua milinganyo ya Ronald Ross na George Macdonald ya maambukizi ya malaria, ubadili kasi ya kuuma na umri wa mbu, uiendeshe mara 100,000 kuona ipi inakaribia data yako. R ina deSolve, Python ina SciPy, na kwa majaribio machache zinatosha kabisa. Kwa mara 100,000, DifferentialEquations.jl ya Julia inakuachia kuandika mlinganyo kama ulivyo kwenye daftari la hesabu na bado ukaenda mbio.

Kasi

Kwa data nyingi za tasnifu, kasi si hoja. Jedwali la mistari laki moja linafunguka mara moja kwa zote tatu. Tofauti huja unapoandika vitanzi vyako mwenyewe: Python na R zinakuwa nzito mpaka utumie pakeji zilizoandikwa kwa C ndani yake, Julia haihitaji njia hiyo ya pembeni. Jedwali likiwa la mamilioni ya mistari, data.table kwa R na Polars kwa Python zinafanya kazi ya kupendeza.

Laptopu, bando na umeme

R ni nyepesi kuanza. Kisakinishi chake cha Windows hakifiki MB 100, RStudio inaongeza mamia kadhaa. Python yenyewe ni ndogo pia, lakini watu wengi huelekezwa Anaconda, furushi la Python na pakeji nyingi, ambayo hukaribia GB 1 na ni mzigo kwa bando la wiki. Chukua Miniconda, ndugu yake mdogo, kisha uongeze unachohitaji tu. Julia ni ya kati kwa kupakua, ila pakeji zake hutayarishwa kwenye mashine yako, na kila ukisasisha laptopu itanguruma kwa dakika kadhaa. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, unaanza upya.

Kushirikishana kwa flashi kunawezekana. Python ina `pip download`, inayokusanya pakeji na zote inazozitegemea kwenye folda moja, na darasa zima la watu ishirini linasakinisha kwa bando la mtu mmoja. Kwa R faili za zip za Windows zinabebeka vilevile, ukiwa makini na tegemezi. Kwa Julia ni kazi zaidi.

Google Colab, daftari la mtandaoni, inamsaidia mwenye laptopu dhaifu, maana hesabu inafanyika kwao. Inafaa sana Python na inapokea R pia. Lakini inataka intaneti muda wote unaofanya kazi.

Watu

Kigezo hiki kwangu ni kizito kuliko kasi. Uliza nani atausoma msimbo wako. Katika afya ya jamii na epidemiolojia, wenzangu wengi niliokutana nao kati ya Upanga na Mikocheni wanatoka Stata kwenda R, kwa hiyo msimamizi au mwanatakwimu wa mradi ataweza kukuonyesha kosa mkiwa mmekaa meza moja. Kwa wahandisi, watu wa kompyuta na vijana wa kampuni changa ni Python, na hata ajira nje ya utafiti zinaitaja zaidi. Wa Julia hapa mjini nawahesabu kwa vidole. Jumuiya yake ya mtandaoni ni ya ukarimu, lakini utaandika swali lako kwa Kiingereza na kungoja.

Kwa uthabiti wa muda mrefu, Python ilipitisha watu kwenye msukosuko wa kutoka toleo la 2 kwenda la 3, uliofungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Msukosuko huo umekwisha. R hubadilika polepole, na Julia tangu 1.0 imejiwekea sharti la kutovunja msimbo wa zamani ndani ya matoleo ya 1.

Kwa hali yako

Ukiwa na data ya kaya, kliniki au majaribio ya tiba, na msimamizi anataka majedwali yenye uzito wa sampuli na grafu za kuchapishwa, anza na R. Itakufaa pia kama umetoka Stata au SPSS na hukuwahi kujiona mtu wa kompyuta.

Ukishughulika na setilaiti, picha, maandishi, au ukitaka uchambuzi wako uje kuwa mfumo unaotumiwa na wengine, Python itakupunguzia kazi. Hata asiyejua bado atakuwa mtafiti au mwajiriwa wa kampuni, nafasi yake Python ni pana.

Ukitoka MATLAB na kazi yako ni modeli, mawimbi ya pwani, mwendo wa maji au uigaji unaokula usiku mzima, ipe Julia mwezi mmoja. Hisabati yake utaitambua. Lakini hakikisha kuna angalau mtu mmoja, hata wa mbali, anayeweza kuusoma msimbo wako. Kama hayupo na mradi una watu watano, Python ya kawaida yenye NumPy itawaweka pamoja.

Kama timu yako tayari ina lugha, ingia lugha ya timu, hata kama makala hii imekupeleka kwingine.

Yoyote utakayochagua, usianze na data mpya. Chukua uchambuzi wako wa zamani ambao majibu yake unayajua, uurudie mstari kwa mstari mpaka namba zilingane. Zisipolingana, tafuta sababu mpaka uipate: pengo, n−1, saa 12, au Chang'ombe.

Na kama unawasilisha tasnifu mwezi ujao, baki ulipo. Omba siku chache kwenye kompyuta ya maabara yenye leseni hai, maliza sura ya nne, halafu hamia ukishapumua.